Huruma kwa Mbaya wa Hadithi

Mwaka jana niliandika hadithi fupi kuhusu Rumaliza. Ndugu msomaji, kama umesoma shule hapa Burundi jina hilo si geni: Muhammad bin Khalfan, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyekaa Ujiji, kusini yetu kwenye ziwa hilihili. Katika karne ya 19 alijaribu kuingia Burundi, Mwami Mwezi Gisabo akamzuia. Darasani ni adui, basi. Lakini alikuwa Mwislamu kama sisi, na Kiswahili tunachozungumza Buyenzi kilifika huku kwa njia za misafara kama yake. Nikataka kumpa moyo. Katika hadithi yangu anamkumbuka mama yake, na usiku analia kwenye sijida.

Nilimsomea mzee mmoja wa mtaani baada ya Isha. Akacheka kidogo. "Mjukuu wangu, huyu bwana umemtawadhisha."

Niliudhika. Nikamjibu kwamba kumwelewa mtu si kumtetea, nikamtajia Sura Yusuf. Mle ndugu zake hawakuletwa kama mashetani. Tunausikia wivu wao kabla ya kitendo, na mmoja wao anawasihi wenzake wasimuue. Hata mke wa Mheshimiwa wa Misri, aliyemsingizia, mwishoni anaikiri kweli. Na Sura al-Maida inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Nilidhani nimemaliza.

"Sawa," akasema. "Na Yusuf wa hadithi yako yuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Katika kurasa zangu sita Rumaliza ana mama, ana machozi, ana majuto. Watumwa ni "msafara" tu, hakuna hata mmoja mwenye jina. Qur'ani inatufunulia vifua vya wale ndugu, lakini mtoto hatolewi machoni petu: yumo kisimani, kisha anauzwa kwa bei duni.

Nikarudi kwa Abdulrazak Gurnah, riwaya yake ya mwaka 1994 ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*. Tajiri Aziz ni mpole, mtaratibu, ananukia vizuri. Nakiri nilimpenda. Ila tunamtazama tukiwa upande wa Yusuf, mtoto aliyechukuliwa kwa deni la baba yake, na hapo upole wenyewe unaanza kutisha. Angekuwa katili mtupu ningemchukia na kulala usingizi wangu. Mpole anayemiliki watu ni jambo jingine. Huyo anafanana na watu ninaowaheshimu.

Machozi ya Rumaliza sijayafuta. Nimeongeza msichana, nikampa jina la Kirundi. Alfajiri anamshikia Rumaliza birika la udhu, huku anahesabu siku tangu achukuliwe kwao.

Mzee ameusikia ukurasa huo mara mbili. Mara ya pili aliniuliza kama msichana atarudi nyumbani. Bado naandika.