Dagaa wa Siku Zilizokatazwa

Ndugu msomaji wa Kasulu au Kibondo, huenda ukasema: Mambo ya wavuvi yatuhusu nini sisi watu wa milimani, wenye mahindi na maharage yetu? Jawabu ni kwamba ziwa limo ndani ya chungu chako.

Tazama kwanza hekima ya Muumba. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini samaki wote huishi katika tabaka la juu. Ukipita kiasi cha mita 200 maji hayana oksijeni. Huko chini ndiko ilikolala rutuba. Upepo wa kusini, uvumao tangu Mei hadi Septemba, huyavuruga maji na kuipandisha. Vijimea huila, vidudu vya majini hula vijimea, dagaa hula vidudu, na mgebuka hula dagaa. Siku hizi maji ya juu yamezidi joto, na maji ya moto ni mepesi, hayachanganyiki upesi na ya chini. Basi chakula cha dagaa kimepungua, hali wavuvi wameongezeka.

Kwa hiyo mwaka 2024, kwa mapatano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, uvuvi ulisimamishwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa.

Hapa ndipo penye suala. Akija mchuuzi na dagaa waliovuliwa kwa siri siku kama hizo, nawe wajua, je, huna lawama kwa kuwa wavu si wako?

Katika Sura ya Al-A'raf mna habari za watu wa mji wa pwani waliokatazwa kuvua Jumamosi. Wako waliovua, wako waliokataza, na wako walioona maonyo hayana faida. Waliokataza waliokolewa, waliovuka mpaka wakaadhibiwa. Ama wale wengine, wanazuoni wamekhitalifiana juu yao.

Mnunuzi yu kundi gani? Si katika walionyamaza, maana fedha yake yasema. Humlipa aliyeasi, na humdhulumu mvuvi mtiifu aliyeanika wavu wake akavumilia.

Dagaa waliokaushwa kabla ya ziwa kufungwa hawana neno. Mwenye njaa ya dharura ana hukumu yake. Lakini wewe mwenye maharage ghalani, una dharura gani? Muulize mchuuzi: Wamevuliwa lini? Akibabaika, mwache apite. Mwenyezi Mungu atujaalie kuridhika na halali.