Vitamini Zilizoaminiwa Mapema

Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha habari njema. Lucy Chappell, Lucilla Poston na wenzao jijini London waliwafuatilia wajawazito 283 waliokuwa katika hatari ya priklampsia, yaani presha ya ujauzito inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Nusu yao walimeza kila siku miligramu 1,000 za vitamini C na uniti 400 za vitamini E. Wengine walipewa vidonge visivyo na dawa. Waliougua upande wa vitamini walikuwa 11. Upande wa pili, 24.

Tena hoja yenyewe iliingia akilini. Mimba inapokwenda vizuri, mishipa ya damu ya mji wa mimba hupanuka ili kondo la nyuma lipate damu ya kutosha. Kwenye priklampsia mara nyingi mishipa hiyo hubaki myembamba. Kondo hukosa oksijeni, likazalisha kemikali zinazoharibu seli, kisha likamwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyojeruhi utando wa ndani wa mishipa yake, hadi figo na ubongo. Vitamini C na E ni antioksidanti. Huzipunguza makali kemikali hizo.

Watafiti wenyewe hawakuridhika, na kwa hilo nawavulia kofia. Timu ya Poston ilirudia jaribio kwa wanawake wapatao 2,400, kwa dozi ileile. Mwaka 2006 ikatangaza: waliougua ni asilimia 15 kwa waliomeza vitamini, 16 kwa wasiomeza. Baya zaidi, watoto wenye uzito mdogo walikuwa wengi upande wa vitamini: asilimia 28, wenzao 24. Marekani wakajaribu kwa wanawake zaidi ya 10,000, na mwaka 2010 jibu likawa lilelile: hazizuii. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likashauri zisitumike kwa kazi hiyo.

Basi dada, ukiletewa kopo la vidonge vya antioksidanti na kuambiwa vinazuia kifafa cha mimba, usinunue. Matunda na mboga endelea kula. Wahi kliniki mapema, na usikubali kuondoka bila kupimwa presha na mkojo, kwa ile karatasi ndogo inayobadilika rangi ikikuta protini. Kama mimba iliyopita ilikuletea presha, au una kisukari au ugonjwa wa figo, muulize daktari kuhusu aspirini ya dozi ndogo, maana huanzwa kabla ya wiki ya 20. Kichwa kikikuuma sana, macho yakiona ukungu au uso ukivimba ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo.