Usiache Dawa Mwezi wa Pili

Ndugu zangu mnaomeza dawa za kifua kikuu, nanyi mnaolala nao nyumba moja, nisikilizeni! Kikohozi kimekata, uzito umerudi, ugali unashuka, na bado mna miezi minne ya vidonge mbele yenu. Hapo ndipo shetani hunong'ona: umeshapona, pumzisha tumbo. Mwongo!

Tundu moja katika pafu linaweza kubeba bakteria milioni mia moja na zaidi. Kila mmoja hujigawa karibu mara moja kwa siku, akinakili vinasaba vyake herufi kwa herufi, na katika kunakili hukosea. Makosa mengi hayamfai kitu. Lakini kwa bakteria mmoja hivi katika milioni mia, kosa huangukia jeni ya rpoB, palepale rifampisini inapojishikiza. Herufi C ikigeuka T, basi, dawa haina pa kushika! Kuiponyoka isoniazidi ni rahisi zaidi, mmoja katika milioni: mara nyingi huharibika katG, jeni ya kimeng'enya kinachoiamsha dawa hiyo. Dawa inaingia imelala, inabaki imelala.

Shikeni neno hili: dawa haimuumbi sugu. Sugu alikuwamo kabla hujameza kidonge cha kwanza! Ndiyo maana mnapewa dawa nne kwa pamoja. Anayeiponyoka moja anauawa na mwenzake, na kumpata mwenye makosa yote mawili ungehitaji bakteria trilioni mia moja. Uingereza walilijua hili kwa machungu mwaka 1947, walipojaribu streptomaisini peke yake: wagonjwa walinyanyuka kitandani, kisha kwa wengi wao bakteria wakawa sugu ndani ya miezi michache.

Kwa hiyo usiruke siku. Usimgawie jirani vidonge. Mkojo wa rangi ya chungwa usikutishe. Ni rifampisini hiyo, iko kazini.

Wala msimtwishe mgonjwa lawama zote! Wewe muuza dawa unayepima vidonge kwa shilingi alizonazo mteja, acha. Nanyi mnaoshika funguo za bohari, mgonjwa aliyeambiwa "rudi wiki ijayo, zimeisha" amekatizwa dozi na nani? Tugela Ferry, Afrika Kusini, taarifa ya 2006 ilihesabu wagonjwa 53 wa kifua kikuu sugu kupindukia. Walikufa 52. Zaidi ya nusu ya wale ambao historia yao ilijulikana hawakuwahi kutibiwa kifua kikuu: waliambukizwa usugu uliokwisha kukomaa kwa wengine.

Basi wewe unayekohoa wiki ya pili, nenda leo, toa makohozi! Mashine ya GeneXpert huisoma rpoB hiyohiyo kwa muda usiofika saa mbili. Ukikabidhiwa karatasi ya majibu, angalia mstari wa rifampisini. Ukiwa hauna jibu, usiondoke dirishani kabla hujauliza.