Je, Kila Mgeni ni Adui?

Mpenzi msomaji, wako watu wasemao kwamba usalama wa imani umo katika kuziba masikio. Husema: msiwasikilize hawa, wala msisome vitabu vyao, wasije wakawapotezeni. Je, njia hii ni ya haki? Mwenyezi Mungu ametuwekea somo hata katika mche wa soya.

Mizizi ya mche huo imezungukwa na vijidudu visivyohesabika. Ziko kuvu ziozeshazo mizizi. Lakini wako pia bakteria wapewao makao katika vinundu vya mizizi, nao huichukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Martinus Beijerinck, mtaalamu wa Uholanzi, ndiye aliyewatenga na kuwakuza bakteria wa namna hii mwaka 1888.

Sasa zingatia: ishara aitoayo bakteria huyu rafiki inafanana sana na kitu kilichomo katika gamba la kuvu adui. Lau mmea ungehukumu kwa kufanana tu, ungemfukuza mfadhili wake. Lakini umejaliwa kuitambua tofauti ndogo iliyopo: huyu humzuia, na yule humfungulia mlango.

Wala kufungua mlango si mwisho wa uchunguzi. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2003, bakteria wa soya walinyimwa naitrojeni ya hewa hata wasiweze kuulisha mmea. Ikaonekana kwamba hawakuzaana kama wenzao, kwani mmea haukuwalea sawasawa na wale walioleta faida.

Huenda mtu akasema: wanyonge hupotezwa kwa kusikiliza. Ni kweli, na mimea mingine hufa kwa maradhi. Lakini mmea uzuiao kila kijidudu hukosa chakula kile, na mtu azibaye masikio huweza kumfukuza mjumbe wa Mungu pamoja na walaghai. Qurani Tukufu, katika Sura Al-Hujurat, inatuamuru tuichunguze habari hata iletwapo na mtu mwovu. Haikutuamuru tuzibe masikio.

Basi, ewe mtafuta haki, hatukuombi utuamini kwa haraka. Tusikilize, utupime kwa Qurani, uyatazame matunda yetu, kisha umwombe Mola wako akuongoze. Mmea hautaulizwa Siku ya Kiyama. Wewe uliyepewa akili utaulizwa. Mwenyezi Mungu atujalie sote kuipambanua haki na batili. Amin.