Tumezidi kwa Israfu

Ndugu zangu wa Wajir, israfu si wali unaomwagwa jaani baada ya harusi tu. Kompyuta inayotupwa stoo kwa kosa la kuwa nzito, nayo ni israfu! Nani kati yenu alikihama kisima cha Orahey kwa kuwa kimejaa mchanga? Mtu hushuka, huzoa, na maji hurudi.

Basi zoeni! Zimeni mashine, chomoeni waya, fungueni mfuniko, futeni feni. Vumbi letu la kiangazi likiiziba, joto hupanda, na prosesa hupunguza mwendo yenyewe isije ikaungua. Mnalaumu uzee, kumbe ni uchafu!

Kisha tubuni ulafi. Ni programu ngapi mlizozikaribisha siku moja, nazo zikahamia? Zinajiwasha kila asubuhi na kugombania RAM kabla hamjaandika hata herufi. Kwenye Windows, bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, mzione. Zisizo na kazi, zizuieni zisijiwashe; msizozitumia, ziondoeni.

Bado inakokota? Tazameni diski. Ile ya zamani huzungusha sahani na kusogeza kichwa kutafuta kila faili. Ya kisasa, SSD, haina kinachozunguka, hujibu papo hapo. Shilingi yenu ya kwanza iende huko! Ila nakilini kwanza mafaili yenu, msije mkalia.

Wala msitishwe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 huzikataa mashine nyingi za zamani, nyingine kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0 tu. Je, ndiyo hukumu ya jaa? Hasha! Linux Mint, mfumo mbadala wa Windows, ni ya bure, hupokea masasisho ya usalama, na toleo lake la Xfce huanza na RAM ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni afadhali zaidi.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alishona viatu vyake kwa mkono wake. Sisi ni nani hata tuone haya kushika bisibisi? Mwalimu wa Griftu, karani wa Habaswein, kijana wa saiba hapa mjini: itoeni kompyuta yenu stoo wiki hii. Ikipona na hamna haja nayo, mpeni mwanafunzi asiye nayo. Hiyo ni sadaka, na thawabu yake itaendelea kila atakapoiwasha kusoma.