Shimu za Zamani, Beringi Mpya

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba wa kisa hiki ulikuwa mwembamba kama karatasi chache za ofisini, yaani sehemu chache za kumi za milimita. Kila anayeshika spana Gerezani, na kila tajiri anayeleta lori lake pale, akisikie.

Lori lenyewe lilikuwa kuukuu, la pua ndefu, la safari za Tunduma. Giaboksi ilikuwa ikilia, na oili iliyomwagwa ilitoka na unga wa chuma. Fundi mkuu wa gereji alikuwa mtu wa miaka mingi kazini, mwenye jina lake. Aliishusha, akaifungua, akaona tatizo mara moja: beringi mbili za tepa zinazobeba shafti ya chini zimekwisha. Kijana wake akatumwa Shauri Moyo, akarudi na beringi mpya zenye namba ileile. Mpaka hapo hakuna aliyekosea.

Ndipo tajiri akapiga simu. "Fundi, mzigo uko tayari bandarini. Alfajiri lori liwe barabarani."

Fundi akakubali. Akapachika beringi, kisha akazirudisha chini ya kifuniko shimu zilezile, yale mabati membamba ya kurekebisha nafasi, zilizotoka na beringi za zamani. Gasketi ya karatasi ya kifuniko hicho ilikuwa imechanika. Badala ya kukata nyingine, akapaka silikoni na kufunga. Kijana akazungusha shafti kwa mkono, akaiona nzito.

"Mzee, mbona imekaza? Tusipime kwanza?"

"Itajilegeza yenyewe barabarani, mwanangu. Kazi hii nimeianza wewe hujazaliwa."

Kijana akanyamaza, maana aliyesema ni mkubwa wake.

Chalinze lori lilipita vizuri. Baada ya Morogoro dereva akasikia mluzi chini ya miguu yake. Ndani ya Mikumi ikaja harufu ya oili iliyoungua. Akampigia tajiri, akaambiwa ajikongoje hadi Iringa. Hakufika. Kwenye kona za Kitonga, mzigo wote ukiwa mgongoni, beringi ilishika, shafti ikahama mahali pake, meno ya gia yakakatika. Injini ikabaki inanguruma bila magurudumu kupata nguvu. Breki zilishika, utingo akawahi kuweka mawe nyuma ya tairi, na hakuna aliyeumia. Kama lori lingekuwa linateremka, likitegemea injini kulizuia, leo tungekuwa tunasimulia msiba.

Giaboksi ilipofunguliwa, rola zilikuwa zimegeuka rangi ya buluu kwa moto na kesi imepasuka. Tajiri alilipia gari la kuvuta, giaboksi nyingine na mzigo uliochelewa. Fundi alipoteza jina alilolijenga kwa miaka mingi.

Sasa tutazame kosa lilikuwa wapi, kwa sababu beringi zilikuwa nzima na namba ilikuwa sahihi. Beringi za tepa zenye namba moja hazilingani upana kabisa. Viwango vya kimataifa huruhusu upana wa beringi ya kawaida kupishana kwa 0.2 mm, na kwa zile kubwa zaidi hata kuzidi hapo. Mchezo unaotakiwa kwenye shafti, yaani ile nafasi ndogo ya kusogea mbele na nyuma, katika giaboksi nyingi za malori huhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita. Kwa hiyo beringi mpya peke yake inaweza kuula mchezo wote. Shimu za zamani zilikuwa jibu la beringi za zamani.

Kosa la pili ni gasketi. Kifuniko ndicho kinachosukuma kikombe cha beringi, yaani pete yake ya nje. Ukiondoa karatasi yenye unene wa 0.3 mm na kupaka silikoni, kifuniko kinaingia ndani karibu kiasi hichohicho. Makosa haya mawili yalipokutana, beringi iliondoka Dar es Salaam ikiwa imebanwa. Iliyobanwa hupata moto, na moto hurefusha chuma: shafti ya nusu mita ikipanda nyuzi 60 za Selsiasi huongezeka takriban 0.36 mm. Kesi ya chuma cha kumwaga nayo hutanuka, lakini ikiwa ya baridi kuliko shafti haiwezi kuifuata. Kwa hiyo beringi iliyokaza gerejini huzidi kukaza barabarani. Kesi ya aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, ndiyo maana kipimo cha giaboksi moja hakifai nyingine. Fuata kitabu cha giaboksi uliyonayo mezani.

Kulegeza kupita kiasi nako si usalama. Gia zenye meno ya mshazari huisukuma shafti upande mmoja lori likivuta mlima, na upande wa pili likishuka kwa kuzuiwa na injini. Mchezo ukiwa mkubwa, shafti hugonga huku na huku, meno hayakutani sawasawa, gia huchomoka, sili huvuja.

Kupima si kazi ya siku nzima. Gonga vikombe mpaka vikae. Funga kifuniko na gasketi yake mpya, ukiweka shimu nene kuliko unavyodhani zinahitajika, kaza boliti kama inavyotakiwa. Simika saa ya kupimia yenye kishikio cha sumaku, sindano yake ikigusa ncha ya shafti. Zungusha shafti ili rola zikae, kisha isukume mbele na nyuma huku ukiizungusha, usome. Saa ikionyesha 0.52 na kitabu kinataka 0.10, punguza shimu za 0.42, funga, upime tena. Ukikosa saa, funga kifuniko bila shimu wala gasketi, ukikaza taratibu huku ukizungusha shafti mpaka mchezo uishe. Pima mwanya kati ya kifuniko na kesi kwa fila geji pande zote. Mwanya ukiwa 0.60 na kitabu kinataka mchezo wa 0.10, jumla ya gasketi na shimu iwe 0.70. Gasketi ihesabiwe ikiwa imekazwa, maana karatasi hubonyea.

Fundi mwenzangu, mkono wenye uzoefu ni mali, lakini hausomi sehemu za mia za milimita. Mwanagenzi akiuliza, mwache apime, kisha soma pamoja naye. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunza kazini; nenda na ujuzi wako, uongezee kipimo. Nawe tajiri, usimnunulie fundi haraka: saa moja unayomnyima Gerezani utailipa kwa siku nyingi Kitonga, na pengine kwa roho ya dereva wako. Beringi mpya hupimwa upya, kila mara, hata kama namba ni ileile.