Mechi Isiyoamriwa

Katika mpira wa mikono, mchezaji aliyeudaka mpira ana sekunde 3 na hatua 3. Zikiisha, awe ametoa pasi, ameudunda au amepiga golini. Akiendelea kuukumbatia, refa anapuliza filimbi na mpira unakwenda kwa wapinzani. Sheria hii hunirudia kila ninapokaa pembeni ya uwanja nikiwatazama maveterani wa majeshi wakicheza: watu waliokwisha kuvua gwanda, magoti yamefungwa bandeji, pumzi zao zinasikika hadi benchi. Walipokuwa vijana kambini, mechi ilikuwa sehemu ya kazi. Timu ilibeba jina la kikosi, mazoezi yalikuwa amri, na asiyefika alitoa maelezo kwa mkubwa wake. Leo hakuna anayeita majina, wala hakuna atakayewekwa ndani kwa kutofika. Hata hivyo wamefika, na wengine wamepanda basi toka alfajiri. Najiuliza wamefuata nini.

Neno veterani lenyewe linatoka jeshini. Warumi wa kale walilitumia kwa askari aliyetumikia miaka mingi hadi akaruhusiwa kwenda zake, na michezo ikaliazima baadaye. Sisi tumezoea kulitumia kwa wachezaji wa zamani, na askari aliyemaliza utumishi tukamwita mstaafu wa jeshi. Mtu anayeingia uwanjani akiwa yote mawili amestaafu mara mbili. Bunduki aliirudisha ghalani, na namba yake katika timu akaichukua kijana. Vitu viwili vilivyokuwa vikimwambia yeye ni nani vimenyamaza.

Ukiifuatilia historia ya mchezo huu, utaona kwamba haukuwahi kukaa mbali na askari. Tarehe 29 Oktoba 1917, mjini Berlin, Max Heiser alitangaza kanuni za mchezo aliouita mpira wa mikono, akiwaandikia wanawake. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa katika mwaka wake wa nne, na wanaume wengi wa mji ule walikuwa kwenye mahandaki. Vita ilipokwisha, mwaka 1919 Karl Schelenz alizibadili kanuni zile, mchezo ukawa wa kasi na wa kugusana zaidi, na wanaume nao wakaingia.

Mwaka 1936 ukachezwa kwenye Olimpiki ya Berlin, wachezaji 11 kila upande katika uwanja wa nyasi. Ujerumani iliishinda Austria mabao 10 kwa 6 kwenye fainali, mbele ya watazamaji wapatao 100,000. Mwaka 1938 Ujerumani iliimeza Austria, na vijana wa pande zile mbili wakajikuta chini ya jeshi moja, wakipelekwa vita ambayo baadhi ya waliocheza fainali ile hawakurudi kutoka kwake. Walipokuwa wapinzani, kila mmoja alirudi nyumbani jioni. Bendera moja ilipowaweka upande mmoja ndipo kifo kilipowafikia. Ninapokumbuka jambo hilo, siwezi kusema kwa wepesi kwamba bendera ndiyo inayoupa mchezo maana.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Ulaya Mashariki yaliuchukua mchezo huu na kuulea kwa dhati, safari hii ndani ya ukumbi, watu 7 kila upande. Klabu za jeshi zikatwaa Kombe la Mabingwa la Ulaya mara kwa mara. Dukla Prague ilishinda mwaka 1963 na tena 1984, Steaua ya Bucharest mwaka 1968 na 1977, Vorwärts ya Frankfurt an der Oder mwaka 1975, Honvéd ya Budapest mwaka 1982. Kisha miaka minne mfululizo, toka 1987 hadi 1990, kombe halikutoka mikononi mwa jeshi la Kisovieti: SKA Minsk mara tatu na CSKA Moscow mara moja. Tazama na majina yao. Steaua ni nyota, Vorwärts ni mbele, Honvéd ni mlinzi wa nchi, na Dukla ni njia ya mlimani palipopiganwa vita vikali mwaka 1944. Sisi wenye timu ziitwazo Ngome na Ulinzi hatuhitaji mkalimani. Jeshi likiunda timu, huipa jina la kitu ambacho halitaki kianguke.

Lakini jeshi na dola vinatoa kwa mkono mmoja na vinaweza kuchukua kwa mwingine. Ujerumani Magharibi ilikuwa bingwa wa dunia wa mpira wa mikono mwaka 1978, na Umoja wa Kisovieti mwaka 1982. Mabingwa wa 1978 hawakwenda Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 kwa sababu nchi yao iliisusia. Mabingwa wa 1982 nao hawakwenda Los Angeles mwaka 1984 kwa sababu hiyohiyo, wakubwa wakilipizana. Jambo hili tunalijua hata huku kwetu. Filbert Bayi, mwanajeshi wa JWTZ aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, hakukimbia Montreal mwaka 1976, kwa kuwa Tanzania ilisusia pamoja na nchi nyingine za Afrika kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Sababu yetu ilikuwa ya haki, nami naitetea hadi leo. Hata hivyo, haki ya sababu hairudishi miguu ya miaka 23. Mwanajeshi anajua kwamba saa yake bora inaweza kupita akiwa amesimama wima, akitii.

Kisha ikaja siku ambayo walioamuru wenyewe hawakuwepo. Ujerumani mbili zilipoungana tarehe 3 Oktoba 1990, jeshi la Mashariki lilikuwa limefutwa. Desemba 1991 Umoja wa Kisovieti ukavunjika. Januari 1993 Chekoslovakia ikagawanyika. Katikati ya mporomoko huo, kiangazi cha 1992, timu moja ya waliokuwa Wasovieti ilitua kwenye Olimpiki ya Barcelona ikiwa haina nchi. Kocha wake alikuwa Spartak Mironovich, aliyeijenga SKA Minsk. Ndani yake walikuwemo Mikhail Yakimovich wa Minsk na Talant Dujshebaev, mzaliwa wa Kirigizistani aliyekulia CSKA Moscow. Waliitwa Timu ya Pamoja. Waliishinda Sweden mabao 22 kwa 20 kwenye fainali, na walipopanda jukwaani kuvishwa dhahabu, ilipandishwa bendera ya Olimpiki na ukapigwa wimbo wa Olimpiki, maana hapakuwa na bendera wala wimbo wa nchi waliokuwa nao kwa pamoja.

Kama maana ya mchezo ingetoka kwa aliyekutuma, watu wale wangecheza wakiwa watupu ndani. Walicheza kama mabingwa. Kilichowashika ni kwamba mkono wa mtu wa Minsk ulijua bila kuangalia mahali ambapo mkono wa mtu wa Moscow ungekuwa. Ujuzi huo ulijengwa kwa amri na ratiba za kambini, sikatai. Amri ilikufa, ujuzi ukabaki, kama nyumba inavyosimama baada ya fundi kuondoa jukwaa lake la miti.

Wapo watakaoniambia kwamba maveterani hawafuati jambo zito namna hiyo, kwamba wanafuata ujana wao tu. Na tena, ujana wa enzi zile haukuwa safi kila mahali. Michezo ya Ujerumani Mashariki ilichafuliwa na mpango wa serikali wa kuwapa wanamichezo dawa za kuongeza nguvu, na baadhi yao hawakuambiwa wanapewa nini. Kuna waliobaki na maradhi. Nalikubali hilo kwa uzito wake. Enzi zile hazistahili kupigiwa magoti. Ila mtu anayetamani ujana wake ana njia rahisi zaidi ya kuufuata: atakaa na picha zake na medali zake, ambako hachoki wala hafungwi. Uwanjani ndiko mahali pabaya kuliko pote pa kujidanganya. Mwili unakuumbua katika dakika ya tano. Mkongwe anayekubali kuumbuliwa hadharani, tena mbele ya wajukuu, anatafuta kitu ambacho picha haziwezi kumpa.

Jioni moja nilidhani nimekiona. Mechi ya maveterani wa vikosi viwili vilivyopimana nguvu miaka mingi ilikuwa imekwisha, na wachezaji wamekaa kwenye ukingo wa saruji wakinywa maji. Mshambuliaji mmoja alikuwa amepiga mara tano golini, na mara nne golikipa wa upande wa pili aliutoa mpira. Golikipa akamsogelea, akaketi kando yake.

"Kaka, mpaka leo ukitaka kupiga kulia kwangu, unashusha bega kwanza."

Mwenzake akamtazama kwa muda. "Mke wangu hajui hilo," akasema. "Hata watoto hawajui."

Niliondoka na maneno hayo, na hadi leo yananifikirisha. Kikosi chake kina jalada lake: namba ya utumishi, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka. Majalada hufungiwa, na tumeona kwamba hata majeshi yenyewe hufutwa. Nyumbani anajulikana kama baba na babu. Yule kijana aliyeruka juu ya mstari wa mita 6 na kushusha bega kabla ya kupiga amehifadhiwa mahali pamoja tu, machoni mwa mtu aliyepewa kazi ya kumzuia. Mpinzani ndiye shahidi. Kwa miaka yote aliyomchunguza ili amshinde, alikuwa akimtunzia kumbukumbu ya yeye ni nani, bila hata mmoja wao kujua.

Ndiyo maana nadhani sheria ya sekunde 3 inasema jambo pana kuliko mchezo. Mpira hauruhusiwi kukaa kwako, na hata historia yako haikai kwako. Iko kwa uliyempa pasi, na iko kwa uliyejaribu kumfunga. Ukitaka kuiona tena, huna budi kurudi pale walipo, ukiwa na goti bovu na pumzi fupi, nao wakupokee mikononi.

Walipoinuka kuondoka, golikipa alimshika mwenzake mkono akamvuta asimame. Wakakubaliana mwezi ujao. "Nitashusha bega," mshambuliaji akasema, "halafu nipige kushoto." Golikipa akacheka, akasema atamngoja.